Mashine ya mkono ya kusagia kahawa: miezi minane jikoni Kibokoni, Mombasa

Alasiri ikishaswaliwa, nyumbani kwetu hapana mazungumzo ya maana mpaka finjani zishuke kwenye sinia. Ndivyo mavyaa, mama wa mume wangu, alivyoizoesha nyumba hii kabla sijaolewa, nami nimeikuta hivyo, nikaipenda. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ile mashine ya mkono ya kusagia kahawa ninayoisifu kila ninapokaa inafaa pesa yake, simjibu kwa kubahatisha. Nimeinunua baada ya Idi, Mfunguo Mosi, na tangu siku hiyo ni Alasiri chache zilizopita sijaizungusha.

Jibu langu: inunue. Lakini nunua ya meno ya chuma, na uwe tayari kubadili namna unavyoipika kahawa yenyewe. Mimi hilo la pili sikuambiwa na mtu.

Kabla yake tulikuwa watu wa unga. Robo kilo ya kahawa iliyokwisha kusagwa dukani, nikifika nyumbani naimimina katika kopo la bati na kulikaza kifuniko. Siku ya kwanza ukifungua kopo lile harufu inafika barazani. Siku ya nne inaishia mlangoni mwa jiko. Wiki ya pili lazima uingize pua koponi. Hapa kwetu hewa yenyewe ina maji: chumvi hugandamana chomboni, biskuti iliyoachwa wazi usiku asubuhi imelainika, na unga wa kahawa ukiuminya kwa vidole unafanya madonge. Buni nzima iliyokaangwa huificha harufu yake ndani. Ukishaisaga, kila chembe imefunguka pande zote, na unyevu unaingia mahali harufu inapotokea. Nilikuwa nikiongeza kijiko cha unga kila wiki inayosonga nikidhani dukani wamenipunja, kumbe kopo langu ndilo lililokuwa likiniibia.

Na jambo hili liliniuma kwa sababu nyingine. Mume wangu ni karani bandarini, na kahawa ya Kenya inayouzwa nje hupita pale Kilindini, magunia ya kilo 60, kahawa ya Nyeri, ya Kirinyaga, ya Murang'a. Inapita karibu nasi hivyo, ikaenda kunywewa Ulaya na Marekani ingali na harufu yake, sisi tunabaki na vumbi la kopo. Hata mibuni ya mwanzo kupandwa nchini, hadithi inayojulikana ni ile ya mapadri wa Kifaransa waliopanda Bura, kule Taita, mwaka 1893. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, Taita hujafika hata nusu ya njia. Kahawa si kitu cha mbali kwetu. Ilibaki tu kuipokea ingali nzima.

Mashine ya kwanza niliagiza mtandaoni, shilingi 1,450. Ilikuwa na kikombe cha kioo chini, meno ya kauri, na mkono wa kuzungushia ambao ulichomoka kila zamu ya kumi. Kusaga gramu 20 kulinichukua dakika saba, nami kazi yangu ni kushona kofia, kiganja ndicho riziki yangu. Kibaya zaidi ni kwamba mhimili wake ulicheza. Mhimili ukicheza, upande mmoja meno yanakaribiana na upande wa pili yanaachana, kwa hiyo unapata unga na vipande pamoja. Unga unatoa uchungu wake wote mapema, vipande havijatoa kitu, na ukimimina, vipande hivyo ndivyo vinavyoelea juu ya finjani ya mgeni. Wiki ya tatu jino likapata ufa. Nilipomwandikia muuzaji akanijibu kuwa dhamana yake haihusu chombo kinachotumiwa kila siku. Nilikasirika sana. Mtu anauziwa chombo cha jikoni, akitumie lini tena kama si kila siku? Pesa ile sikuirudishiwa.

Ya pili nimeinunua dukani, kwa mkono wangu, baada ya kuifungua na kuitazama. Shilingi 3,800. Ni bomba la alumini jeusi, urefu wa shibiri moja na kidogo, uzito wa karibu nusu kilo. Mdomo wake unachukua gramu 25 za buni na haupokei zaidi. Ndani mna jino la chuma lililochongwa kama koni, na mhimili umeshikwa na beringi mbili, moja juu na moja chini. Hizo beringi mbili ndizo nilizozilipia. Ukiushika mkono wa mashine na kuutikisa, hautikisiki.

Chini ya jino kuna skrubu ya kukaza na kulegeza, nayo inalia kila ukiizungusha hatua moja, ti, ti, ti. Unaikaza mpaka meno yashikane na mkono usizunguke, hapo ndipo sifuri, kisha unahesabu milio ukirudi nyuma. Kwa kahawa chungu ya dele, birika letu la kahawa la Pwani, mimi nimetulia kwenye milio 7. Mume wangu ana birika lile la Kiitaliano la vyumba viwili, maji chini na kahawa katikati, analopikia akiwa na zamu ya usiku, na yeye anataka milio 13. Tukisahau kurudisha, siku hiyo kahawa ya Alasiri inakuwa maji. Skrubu haina namba hata moja, na ukiifungua yote kwa kuisafisha lazima uitafute sifuri upya. Kwa bei ile wangeweza kuchonga namba.

Kuizungusha kumenipendeza kuliko nilivyodhani. Nakaa kwenye kibao, naikunjia leso chini yake, naibana kwa magoti. Buni za mwanzo zinapasuka kwa kishindo, mkono unakwama na kuachia, unakwama na kuachia. Kisha sauti inashuka, inakuwa ya kukwaruza kwa mfululizo, na harufu inaanza kupanda kupitia mdomo wa juu. Halafu mkono unakuwa mwepesi ghafla, kama kamba ya ndoo iliyokatika, ndipo unajua zimekwisha. Gramu 25 kwa milio 7 nimezihesabu mara nyingi: zamu mia mbili na ushei, dakika tatu u nusu. Haitaki nguvu. Ukiilazimisha unaumia kiganja bure.

Unga wake ukiusugua kwa kidole gumba na cha shahada unausikia kama unga wa dengu, una ukavu fulani. Kinu cha mavyaa, akitwanga na kuchekecha, kilifika ulaini wa wanja. Mashine hii haifiki huko, na nilipojaribu kuikaza mpaka milio 4, mkono ukawa mzito na bomba likapata joto mkononi mwangu. Sikurudia. Mwenye kutaka ulaini wa wanja ashike kinu.

Sasa nisimulie kilichotokea tulipoipika, maana hapo ndipo mashine ilipotusumbua.

Siku ya kwanza nilisaga, nikapika kama nilivyofundishwa na mavyaa mwenyewe: maji, unga wote, tangawizi kavu iliyopondwa, dele juu ya seredani, robo saa nzima. Alipoonja akaishusha finjani. Akaniuliza, "Mwanangu, umeiunguza?" Nikaonja mimi, ikawa shubiri. Unga ule wa kopo ulikuwa umekwisha kufa, ulihitaji robo saa ya moto kutoa kidogo kilichobaki. Huu mpya ulitoa kila kitu dakika za mwanzo, na dakika zilizobaki nilikuwa nachemsha uchungu mtupu huku harufu ikienda zake na mvuke.

Siku ya pili nikaipika dakika nne tu. Harufu ilijaa nyumba. Mavyaa akanywa finjani moja, akasema, "Ina harufu nzuri, lakini haijaiva. Kahawa ni chungu, si maua."

Nilikaa na neno lile siku kadhaa, kwa sababu alisema kweli. Kahawa chungu ina uzito wake unaotokana na moto, ule unaokufanya utafute kashata au tende baada ya funda. Dakika nne haziuleti. Lakini na mimi nilikuwa nimekwisha kuisikia harufu ile, sikuwa tayari kuirudisha koponi. Basi nikaugawa unga. Nusu naitia mwanzo, pamoja na kipande cha tangawizi kavu kama ncha ya kidole gumba, katika nusu lita ya maji, nachemsha kwa moto mdogo dakika kumi mpaka maji yapungue kidogo. Kisha naliondoa dele motoni, nangoja machemko yatulie, natia nusu ya pili, narudisha. Povu likipanda mara moja tu, hapo hapo naliondoa. Natia vijiko viwili vya maji baridi ili mashapo yashuke, nafunika, nangoja dakika nne. Nusu ya kwanza inaleta uchungu na uzito, nusu ya pili inaleta harufu.

Mavyaa alikunywa bila kusema. Alipomaliza akanyoosha finjani tena. Na hadi leo ndivyo tunavyopika, gramu 25 kwa finjani sita, nusu mwanzo na nusu mwisho.

Huu ndio ushauri wangu mkubwa kwa mtu wa Pwani anayetaka mashine hii: ukisaga mwenyewe na ukaendelea kuchemsha kwa mazoea ya unga wa kopo, utasema mashine imeharibu kahawa. Nimeshamsikia jirani mmoja akisema hivyo, ameiweka yake juu ya kabati.

Kuhusu buni za kutia, nitasema machache. Nanunua zilizokaangwa, robo kilo kila mara, duka la viungo kule Marikiti, shilingi 480, na mwezi wangu ni robo tatu. Herufi zinazoandikwa kwenye mifuko, AA na AB, ni ukubwa wa buni, AA ndizo kubwa. Zilichekechwa kwa matundu, hakuna aliyezionja akazipa herufi. PB ni zile za mviringo, ambazo tunda limezaa moja badala ya mbili. Kwa kahawa chungu yenye tangawizi mimi sioni sababu ya kulipia AA. AB inatutosha, na pesa inayobaki naiweka kwenye haluwa. La muhimu zaidi ni kumuuliza muuzaji zilikaangwa lini. Akikwambia wiki iliyopita, nunua. Akianza kutazama dari, nenda duka la pili.

Iliki msitie humo. Naomba hili lisikike. Wifi yangu alikuja Ijumaa moja, akatia iliki nzima na buni pamoja, kwa nia njema kabisa, akitaka kunirahisishia. Kahawa ya siku hiyo ilikuwa nzuri mno. Lakini maganda ya iliki yana nyuzi, zikajiviringa kwenye mhimili, na mafuta yake yakashika meno. Niliifungua yote, nikaisugua kwa brashi ndogo ya rangi na kitambaa kikavu, na bado siku tisa mume wangu alilalamika kuwa kahawa yake ya usiku inanuka pilau. Iliki na tangawizi zinapondwa kwenye kinu. Kinu cha mavyaa hakijaondoka jikoni na hakitaondoka.

Tena kuna maji. Nilikaribia kuirudisha mashine hii dukani mwezi wa pili kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kahawa ilichacha ghafla siku nne mfululizo, nzito mdomoni na haina harufu, nikakaza skrubu, nikalegeza, nikabadili buni. Kumbe mfereji ulikuwa umekauka wiki ile na tulikuwa tunanunua jerikeni kwa wa mkokoteni. Mwenye mkokoteni alituambia ni maji matamu, lakini yalikuwa ya kisima, na visima vya kisiwani mnajua vina chumvi. Katika wali huioni chumvi ile, maana unatia na yako. Katika kahawa isiyo na sukari inaonekana wazi. Mfereji uliporudi, kahawa ikarudi pamoja nao. Siku hizi nina jerikeni moja ya maji ya mfereji iliyofungwa, ya dele peke yake, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuigusa.

Chumvi hiyo hiyo iko hewani. Dirisha la jiko letu linaelekea bandari ya zamani, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja, na mwezi wa tatu nikaona doa jekundu kwenye ukingo wa jino. Nilikuwa nimeiosha kwa maji mara moja, baada ya ile iliki, na nikaianika dirishani. Makosa mawili kwa siku moja. Doa nimelisugua likatoka, na tangu hapo haijaguswa na maji. Usiku inalala ndani ya kopo lile la bati lililokuwa la unga, pamoja na kifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu, kama tunavyoweka mchele ndani ya chumvi. Kila Jumamosi naifungua na kuipiga brashi. Doa halijarudi. Muuzaji aliniambia chuma hiki hakishiki kutu. Labda kwao. Ukiwa unaishi Kibokoni, Nyali au Likoni, usimsikilize, iwekee mchele.

Kwa wageni wengi haifai, na hilo niliseme wazi. Siku ya khitma ya bavyaa walikuja watu arubaini. Ningesaga gramu 25 mara ngapi? Asubuhi ile nilizipeleka buni zangu dukani wakanisagia kwa mashine ya umeme mbele yangu, zikapikwa siku hiyo hiyo katika birika kubwa la kuazima, na zilikuwa nzuri. Mashine ya mkono ni ya nyumba ya watu wawili mpaka sita. Tena mtu mwenye maumivu ya kiganja aifikirie mara mbili. Mimi wiki yenye oda nyingi za kofia, ikifika Alhamisi nampa mwanangu wa kiume azungushe, ana miaka kumi na mmoja na anaiweza.

Kasoro nyingine ni ndogo. Kile kitufe cha mbao cha mwisho wa mkono kilianza kulegea mwezi wa tano, nikakitia gundi. Kikombe cha chini kinafungwa kwa hesi, na unga ukiingia kwenye hesi unakwaruza, hivyo lazima ufute kwa kidole kila mara kabla ya kufunga. Meno ya akiba sijayaona yakiuzwa popote mjini, na nimeuliza maduka matatu. Hilo linanitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu siku meno haya yatakapoisha sitaki kununua mashine nzima tena.

Anayekwenda kununua achukue buni zake mwenyewe mfukoni, gramu kumi zatosha, na kitambaa. Amwombe muuzaji aisage pale pale kaunta. Duka nililonunua mimi walikubali bila neno, na asiyekubali ana lake. Kwanza ushike mkono wa mashine uutikise. Kisha legeza milio 7 kutoka sifuri, saga, mwaga unga kwenye kitambaa na usugue kwa vidole viwili. Ukisikia vipande vinakwaruza katikati ya laini, mhimili unacheza, na hata wakikupunguzia bei iache hapo hapo kaunta.